Gauni la Shukrani

Tangu maparachichi yaanze kukomaa, Kanini alikuwa amehamisha kamba ya kikapu cha majani chai kutoka bega la kulia hadi la kushoto, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Chini ya kwapa la kulia palikuwa na kitu kigumu kama punje ya haragwe. Akioga alipapitia haraka, kama mtu anayepita karibu na boma lenye mbwa mkali.

Aibu ndiyo iliyomfunga mdomo. Mwaka uliopita, picha za hospitali zilipoonyesha uvimbe wa titi umenywea, akina mama wa kanisa lao hapo Nkubu walimshonea gauni la kijani, mbuzi akachinjwa, naye akasimama mbele ya madhabahu akiinua vidonge vyake juu. "Huu ugonjwa umekwisha!" alisema. Vigelegele vikapasua mabati. Sasa angeanzia wapi kusema umerudi? Si ingekuwa kumfanya Mungu mwongo mbele ya watu?

Na Eunice, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa ameshampangia kazi.

"Mama Makandi, Jumapili tumealikwa Embu. Wewe ndiye ushuhuda wetu. Na uvae lile gauni, usituletee ile sweta yako ya kukamulia ng'ombe!"

Aliyemfumania ni Makandi, binti yake, siku ya kufua. Kanini alikuwa akianika shuka kwa mkono mmoja.

"Mama, huo mkono mwingine umemwekea nani?"

"Nimeulalia vibaya."

"Kila usiku?"

Makandi akaweka karai chini, akauinua ule mkono polepole kama wa mtoto. Akagusa.

"Kesho ni hospitali," akasema.

Huko, Kanini alizungumza na daktari akiangalia viatu vyake mwenyewe. "Ni kwa sababu nilijisifu? Ama ile siku nilisahau kumeza?"

"Hapana, mama. Seli za saratani zilikuwa zinapokea amri ya kuongezeka kupitia mlango mmoja. Vidonge vyako vililenga huo mlango, vikaufunga, na nyingi zikafa. Lakini chache zilikuwa tofauti, zikapata njia nyingine. Hizo ndizo zilizobaki, zikazaana. Sasa dawa bado inalinda mlango wa mbele, nazo zinapitia nyuma."

"Kama kupe," Kanini akasema. "Ile dawa tulikuwa tunanyunyizia ng'ombe iliwamaliza, wakabaki wale ambao haikuwadhuru. Hao ndio wakazaa."

"Karibu hivyo. Na si mlibadilisha dawa ya ng'ombe? Tutatoa kinyama kidogo hapo tupime zinapitia wapi, halafu tuchague nyingine." Kisha akashusha sauti. "Kurudi kwa ugonjwa si kosa lako, mama. Ila umekaa na huo uvimbe muda mrefu. Ungekuja mapema tungeanza mapema."

Hilo ndilo lililomchoma. Njia yote ya kurudi alifunika uso kwa leso.

Jumapili alilivaa gauni la kijani. Kanisa la Embu lilijaa. Eunice akamtambulisha kwa maneno matamu, watu wakapiga makofi, na Kanini akasimama akitafuta pa kuweka macho. Yakatua benchi la pili, kwa mwanamke mmoja kijana aliyebana kiwiko cha kushoto ubavuni, mkoba ukiwa umepakatwa kwa mkono wa kulia. Kanini aliujua ule mkao. Aliujua kuliko jina lake.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina!"

"Mwaka jana nilisema ugonjwa umekwisha. Haujaisha. Dawa ilifanya kazi. Halafu ugonjwa ukaizoea. Uvimbe umerudi, nami nikauficha kwa sababu ya hili gauni. Naenda kuanza dawa nyingine. Nilichelewa kwa aibu, si kwa kingine."

Hakuna aliyesema amina. Eunice alikuwa anainamia Biblia yake kana kwamba kuna kitu kimemwangukia humo ndani. Kanini akarudi kuketi, uso ukimwaka moto, mgongo wa gauni umelowa jasho, akitamani sakafu ifunguke.

Wimbo ulipoanza, mtu akajisukuma akakaa kando yake. Ni yule mwanamke wa benchi la pili.

"Mama," akanong'ona, "wewe uliusikia wapi huo uvimbe?"

Kanini hakuweza kumtazama bado. Aliushika tu mkono wa yule mwanamke, akaupeleka chini ya kwapa lake mwenyewe, juu ya kitambaa cha kijani.

"Hapa," akasema. "Na wewe?"