Kibanio Namba Sabini na Tatu

Asubuhi ya Jumapili, matanga ya mumewe yakiwa yameshakwisha, Tazuko Kuramoto alikuwa jikoni anaosha mchele pale helikopta ndogo ya rimoti ya marehemu ilipojiinua kutoka rafuni, ikaizunguka meza, ikatoka kwa mlango wa nyuma. Haikuwa na injini. Injini alikuwa ameing'oa mwenyewe na kuiloweka kwenye beseni la mafuta ya taa, na betri ilikuwa juu ya meza, karibu na vitunguu. Mapanga yalizunguka hivyo hivyo, bila mngurumo, kwa mvumo mwembamba kama wa mtu anayepuliza chai ya moto. Tazuko akafuta mikono, akavaa viatu, akachukua baiskeli akaifuata.

Katika nyumba ile mumewe, Kuramoto, alikuwa wa kurusha helikopta na Tazuko wa kutengeneza. Ndivyo walivyopendana hao wawili, na wala hawakuwa na njia nyingine. Mume alirudi kutoka mtoni na mkia uliopinda, akauweka mezani, akajikuna kichwa; mke akacheka, akashika bisibisi. Hata siku helikopta ilipomgeukia Kuramoto hewani na kumkata shingo, vipande vililetwa kwa Tazuko, naye akavitengeneza, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kuvifanyia.

Klabu ya warushaji wenzake ilisema ni skrubu. Katika vipande vile skrubu moja ya mkia haikuonekana, na mkia aliufunga Tazuko jana yake. Basi, neno likapita. Polisi waliandika ajali, klabu ikasema skrubu, na mama mkwe wake, Bibi Fukuyo, akaanza kujipikia uji kwenye sufuria yake mwenyewe.

"Mkono uliomuua mwanangu hautanilisha mimi," alisema, na hakusema tena.

Tazuko alijua aliikaza skrubu ile na akaitia gundi. Lakini bibi kizee alikuwa anakonda mbele ya macho yake, na kila jioni chakula cha Tazuko kilibaki mezani kikipoa. Hicho ndicho kilichomuuma kuliko maneno ya watu wote.

Huko mtoni ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji ya mto Kinu. Wanaume wa klabu walikuwa chini ya turubai wanakula matonge ya wali. Helikopta ilikuwa imesimama hewani mbele ya mwenyekiti, Numajiri, usawa wa shingo, pua ikimtazama. Warushaji huiogopa sana hali hiyo: chombo kikikutazama, kushoto kwako kunakuwa kulia kwake, na mkono unakudanganya. Numajiri alikuwa na rimoti mkononi. Kila alipojaribu kuisukuma kando, ilisogea alikosogea yeye.

"Karibu, shemeji," alisema Isogai, fundi bomba, ambaye ndiye aliyekuwa domo la klabu. "Asubuhi yote hii umetuletea chombo?"

"Imekuja yenyewe."

"Naona. Na injini yake?"

"Iko nyumbani, nimeiloweka."

"Ahaa. Ndiyo maana haina kelele." Isogai akamega tonge lake.

Numajiri akazima rimoti. Helikopta ikashuka taratibu, ikatua kwenye majani yaliyokatwa. Akaiwasha. Ikapanda tena usawa ule ule wa shingo. Akazima, akawasha, na ukungu uliokuwa chini ya mapanga haukutikisika hata kidogo.

Ndipo Isogai alipogeuka kuutazama ubao.

Rimoti mbili zikiwashwa kwa namba moja ya mawimbi, helikopta iliyoko hewani hupokea amri mbili kwa pamoja na kupagawa. Kwa hiyo klabu ina ubao, na kila namba ina kibanio kimoja cha nguo. Unachukua kibanio, unakibana kwenye antena yako, ndipo unawasha. Ukikuta hakipo, unakaa chini unakula. Kuramoto na mwenyekiti wote walitumia namba sabini na tatu. Siku ya msiba kibanio kilikutwa kwenye antena ya Kuramoto, cheupe pee, damu haikukifikia. Leo kilikuwa kinaning'inia ubaoni.

"Mwenyekiti," alisema Isogai, "mbona kibanio hujachukua?"

"Napima betri tu. Si unaona antena sijaivuta?"

Hayo ndiyo makosa ya wakongwe. Mgeni huogopa, huchukua kibanio hata akitaka kufuta vumbi rimoti tu; mkongwe hujiambia kwamba antena ikiwa imekunjwa haimfikii mtu.

"Na siku ile?" Isogai akauliza.

"Siku ile pia nilikuwa napima tu," alisema Numajiri, kwa sauti ile ile ya mtu anayeomba asogezewe chai.

Wote walisikia. Mmoja akaanza kufuta mapanga ya chombo chake, mwingine akalowesha kidole na kupima upepo. Tazuko akashika usukani wa baiskeli.

"Kumbe haikuwa skrubu," alisema.

Akamgeukia Numajiri.

"Mwenyekiti, twende nyumbani ukamwambie mama. Sitaki kingine, wallahi. Mwambie haikuwa skrubu, ale chakula changu."

Numajiri akainama mbele yake, akainama sana, jinsi watu wanavyowainamia wafiwa.

"Shemeji, hayo yameshapita. Tukianza kufukua, uwanja tutanyang'anywa. Na marehemu aliupenda sana uwanja huu."

"Aliupenda," alisema Isogai, akitazama viatu vyake.

"Ila hii helikopta," Numajiri akaongeza, "nakuomba siku za Jumapili uifunge. Ni hatari hii. Mtu anaweza kuumia."

Kwa hasira Tazuko akaona hata mawe ya mtoni yangemfaa kumpiga nayo. Kisha akaiokota helikopta majanini, akaifunga kwa kamba kwenye kapu la baiskeli, akaenda zake.

Tangu hapo ikawa inafungwa kwenye nguzo, pembeni ya madhabahu yenye picha ya Kuramoto. Ilipanda mpaka kamba ilipokazika, ikabaki hapo hapo. Bibi Fukuyo aliizoea upesi. "Shuka kidogo nikufute tumbo," aliiambia, nayo ikashuka. Lakini Tazuko alipomweleza habari za mtoni, bibi alimkata jicho.

"Usimsingizie mtu aliyebeba jeneza la mwanangu," alisema, akafunika sufuria yake.

Mwaka ulipotimia, klabu nzima ilikuja kuchoma ubani. Numajiri siku hizo alikuwa ameshabadilisha namba ya rimoti yake, lakini helikopta haikuwa tena ikingoja rimoti ya mtu. Alipokaa upande wa dirisha, iligeuza pua ikamtazama. Alipohamia upande wa mlango, ikageuka. Isogai akapita chini ya kamba, akaomba radhi kwa kumpita mtu mbele, akakaa.

"Bibi," alisema Numajiri, mikono ikiwa magotini, "sisi wa klabu tumekaa tukazungumza. Skrubu ni kitu kidogo, na binadamu husahau. Mkweo tumemsamehe, kwa moyo mmoja."

Bibi Fukuyo alilia. Alilia kwa muda mrefu, akajifuta kwa ukingo wa nguo, akawainamia mmoja mmoja.

"Nyinyi rafiki zake mmesamehe," alisema, "mimi ni nani nibaki na kinyongo?" Akageuka na bakuli lake tupu mkononi. "Tazuko, mwanangu. Nipakulie na mimi."

Tazuko aliitazama mikono ile, ngozi na mifupa. Neno lilikuwa limeshamfika kooni. Wanaume walikuwa wanatazama mkeka. Juu yao mapanga yalizunguka bila kelele, na moshi wa ubani ukapanda wima. Akalimeza lile neno, akashika upawa, akampakulia supu ya figili.

Bibi akanywa. Wote wakangoja.

"Chumvi imezidi kidogo," alisema.

"Samahani, mama," alisema Tazuko. "Nilisahau kuonja."