Machozi ya Mzee Herufi

Watu walimwita Mzee Herufi kwa sababu karibu kila kibao cha mtaa kilipita mikononi mwake: cha duka la dawa, cha fundi baiskeli, hata kile cha "Usikojoe Hapa" ambacho kila mtu hukisoma na si wote wanaokitii. Mkewe walimwita Bi Maswali, na jina hilo halihitaji maelezo.

Bi Maswali alimjua mumewe ndani nje. Alijua anavyokohoa kabla ya kudanganya. Sukari yake ya asubuhi aliijua kabla yake mwenyewe, maana ndiye aliyemtoboa kidole na kusoma kipimo. Basi mzee alipoanza kunyoa ndevu kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, akisema anakwenda "kliniki tu", jambo hilo lilimkwama mkewe kooni kama mwiba wa samaki.

Jirani aliyekuwa mfagiaji hospitali ndiye aliyekuja kuusukuma ule mwiba.

"Shoga, mimi sisemi kitu," alianza, na mtu akianza hivyo ujue anasema. "Lakini mumeo nimemkuta chumba cha mwisho, yeye na binti wa maabara. Machozi yanamtoka, na binti kamshika kidevu."

"Machozi ya nini?"

"Nitajuaje? Mlango ukafungwa."

Miaka thelathini na minane ya ndoa, Bi Maswali hajapata kuona chozi la yule mwanamume. Siku aliyomzika mama yake alikaa mkavu kama tofali. Siku binti yao wa kwanza alipoolewa, alikwenda nyuma ya nyumba kuosha brashi. Leo binti wa watu, hata nywele nyeupe hana, anamliza kwa miadi!

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Mzee aliandika kibao cha saluni, na mwenye saluni akakirudisha siku ileile. Herufi zilipanda na kushuka kama nyoka anayevuka njia.

"Mkono umechoka," mzee alisema, akakohoa.

Bi Maswali aliitazama ile mistari iliyopinda, moyo ukamchoma. Mkono gani? Hapo ni akili iliyokuwa kwingine. Anaandika "saluni" huku anamwaza mtu.

Mchana wakiwa wanakula, akamtegea.

"Kitendawili."

"Tega."

"Kisima changu, nyumbani kikavu, kwa watu kinabubujika."

Mzee alitafuna taratibu. "Pua yenye mafua."

"Hapana."

"Basi nakupa mji."

"Mji siutaki. Nataka jibu ulitoe wewe."

Mzee akaomba maji ya kunawa.

Jumanne ya kwanza ya mwezi uliofuata, Bi Maswali alimwacha mumewe atangulie, akajitanda khanga, akamfuata hadi hospitali, hadi ule mlango wa mwisho. Ulikuwa wazi nusu. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti, amefumba macho, na chini ya kila kope kumening'inia kikaratasi chembamba chenye alama kama za rula. Binti wa maabara alisimama mbele yake ameshika saa.

"Usifinye, baba. Bado dakika mbili."

"Sifinyi, mwanangu. Yanakuja yenyewe."

Bi Maswali akausukuma mlango. "Na mimi nikae wapi? Nami nimekuja kulizwa."

Mzee akafumbua macho, vikaratasi vikadondoka. Badala ya kushtuka, binti akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Wewe ndiye mama? Miezi miwili namwomba akulete."

Akamweleza polepole, huku akiokota vikaratasi kwa kibanio. Walikuwa wanapima machozi ya wagonjwa wa sukari. Vimishipa vya nyuma ya jicho vikianza kuharibika, kuna vitu huongezeka kwenye machozi, nao wanachunguza kama vinaweza kuwaonya mapema. Bado ni utafiti, chozi peke yake haliamui. Ila vya mzee vilipanda, wakampiga picha ya jicho, na picha ikaonyesha uvimbe pale katikati.

"Ndiyo maana mstari ulionyooka anauona umepinda," alisema. "Anatakiwa sindano ya jicho. Ikichelewa, pale katikati panaweza kuharibika, na hapo hatuwezi kurudisha. Daktari ana nafasi leo saa tano. Lakini lazima awepo wa kumrudisha nyumbani, na baba kaniambia hana mtu."

Bi Maswali alihisi kama amepigwa kofi. Alimgeukia mumewe.

"Huna mtu? Mimi ni nani, stuli?"

Mzee akapangusa shavu kwa mkono. "Ungejua, ungeninyang'anya brashi."

"Ningekunyang'anya, ndiyo. Kisha ningekurudishia. Huyu umemwambia nini?"

"Nimemwambia... mambo ya kawaida."

"Alisema anaogopa, mama," binti alisema kwa sauti ya chini. "Anaogopa kuwa kipofu."

Hapo wivu ulimpanda Bi Maswali kuliko siku zote. Machozi ya kwenye karatasi angeweza kuyasamehe. Lakini neno hilo lilikuwa la kwake, la mtu anayemtoboa kidole kila asubuhi, na limemwagwa hapa bure mbele ya mgeni.

"Hanijui huyu," mzee alijitetea. "Mtu asiyekujua ni rahisi kumwambia."

"Basi jifanye hunijui. Niambie na mimi."

Mzee alitazama sakafu. Hakukohoa.

"Naogopa, mke wangu. Hata sindano yenyewe naiogopa."

"Haya. Sasa tunakwenda kuogopa wawili."

Mzee akanyanyuka. Binti akanyoosha mkono amshike asijikwae, lakini Bi Maswali alishauwahi mkono wa mumewe.

"Wewe, mwanangu, machozi yanakutosha. Mwenyewe nampeleka mimi."

Kwenye mlango wa chumba cha sindano, muuguzi alimwambia asubiri nje, ni dakika chache tu. Akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani, macho mlangoni. Mlango ulipofungwa, akamwonea wivu hata yule muuguzi aliyeingia naye.