Kiti cha Marehemu Yesaya

Asikiaye la mkuu ndiye huvunjika guu. Elina alilijua hilo tangu mwaka jana, mwenyekiti wa kwaya alipomwagiza afute diski tupu. Alifuta, na kumbe ilikuwa na ibada nzima ya Pasaka.

Sasa kompyuta ya kurekodia, kwenye chumba cha nyuma ya kanisa pale Tunduma, iligoma kuwaka. Orodha ya kuwashia mfumo wa Linux ilitokea, ikafuatwa na maneno kwamba faili halionekani. Mwenyekiti, mzee Andongwisye, alisimama nyuma yake na simu mkononi, fundi yuko hewani, sauti imefunguliwa.

"Fundi anasema simika mfumo upya kwenye diski namba sifuri. Bonyeza, binti."

"Baba, juzi ulifanya usafi humu. Hukugusa kitu ndani ya mashine?"

"Nilizipanga diski tu. Diski ya marehemu Yesaya ilikuwa ya mwisho, nyuma ya vitoto vya juzi. Mwanzilishi wa kwaya anakaaje mkiani? Nikamrudisha mbele, wa mbele nikampeleka mkiani."

Elina alijing'ata mdomo asicheke. Mashine ile ilihesabu diski kwa viti, yaani matundu zilipochomekwa, kuanzia sifuri. Aliandika amri fupi, diski tatu zikajipanga kwenye kioo. Akachungulia ya sifuri: nyimbo za Yesaya, nakala pekee iliyobaki. Mfumo ulikuwa umesukumwa hadi namba mbili, lakini maelezo ya kuwashia bado yaliutafuta kwenye sifuri.

"Nikibonyeza, namfuta mzee Yesaya."

"Fundi ni wewe au yeye? Nimesema bonyeza."

Hakubonyeza. Kwenye maelezo ya kuwashia alifuta tarakimu ya sifuri, akaandika mbili. Mashine ikanguruma, ikawaka. Kisha hapo hapo akaweka kitambulisho cha diski badala ya namba, ili siku nyingine iitwe kwa jina lake, ikae kiti chochote. Akafungua wimbo mmoja wa Kinamwanga. Besi ya Yesaya ikafunika ngurumo za malori ya mpakani, na mzee akavua kofia.

Walisikiliza hadi ubeti wa pili.

"Ni yeye kabisa," mzee alisema taratibu. "Lakini umenikatalia, na fundi anasikia. Jumamosi utaniomba radhi mbele ya kwaya."

"Jumamosi nitakuja kuimba, Baba. Radhi siombi."