Kura Moja ya Kruševik

Karatasi ya matokeo ilibandikwa kwenye mlango wa shule ya zamani Jumatatu asubuhi, na Radojka aliisoma mara tatu kabla ya kuyaamini macho yake. Kura zilizopigwa kijijini Kruševik, hamsini na nane. Chama tawala, hamsini na saba. Wapinzani, moja.

Moja! Ya kwake aliijua, aliitia sandukuni kwa mkono wake mwenyewe. Ya Milutin, mumewe, ilikwenda wapi? Jana tu walirudi nyumbani pamoja wakikanyaga matope, Milutin akamshika mkono na kumwambia, "Tumewakomoa, mke wangu." Tumewakomoa! Yeye na nani?

Na Milutin alikuwa ameapa. Miaka miwili iliyopita wakubwa wa wilaya walifunga wodi ya wazazi mjini, wakasema fedha hakuna, na mwezi huohuo wakazindua chemchemi ya taa za rangi inayorusha maji kwa kufuata muziki. Majira ya theluji mke wa Nenad, mtoto wao wa kiume, akashikwa na uchungu. Nenad akaendesha kuelekea hospitali iliyo mbali kilomita sabini. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, akafa mlemle garini. Siku ya maziko Milutin alishika udongo mkononi akasema mkono ule na ukauke ikiwa utawapigia tena kura watu wale. Radojka alikuwa amesimama pale pale. Hakuota.

Jumatatu ile nzima hakuuliza kitu. Alipara samaki wa sikukuu kwa hasira hadi magamba yakanata dirishani. Kesho yake, Jumanne, ilikuwa siku ya Mtakatifu Nikola, msimamizi wa nyumba yao tangu enzi za mababu.

Mgeni wa sikukuu hiyo haalikwi wala hafukuzwi. Anayepiga hodi huingia, na mwenye nyumba hushinda wima akimhudumia. Ndiyo maana Dragomir, mtu wa chama pale kijijini, aliweza kuingia saa saba mchana bila haya usoni, akala kijiko chake cha ngano tamu ya sikukuu, akafanya ishara ya msalaba mbele ya mshumaa, akakaa karibu na Nenad, aliyekuja kutoka mjini kwa sikukuu, na kunyoosha miguu chini ya meza.

"Haya, mzee Milutin," alisema akipokea glasi ya rakija, pombe kali ya matunda. "Kijiji kizima kinacheka. Eti tuna mpinzani mmoja. Watu wanakutaja wewe, kwa huo mdomo wako."

"Mimi?"

"Basi nani? Mbuzi wa padri?"

Milutin aliutazama mshumaa. "Naapa mbele ya mtakatifu huyu, Dragomir, niliwapa ninyi. Si nilikutumia na picha ya karatasi ya kura?"

Radojka alikuwa mlangoni na sinia la samaki. Alilibwaga mezani kwa kishindo, mafuta yakaruka hadi kwenye suruali ya Dragomir.

"Picha!" alisema. "Mpaka picha ulimtumia!"

"Mama Nenad, tutaongea baadaye."

"Tutaongea sasa hivi. Na wewe, Dragomir, mwache mbuzi wa watu. Kura hiyo ni yangu."

Dragomir alicheka. "Wewe, bibie? Wanawake wa hapa si huwafuata waume zao?"

"Ndiyo maana hukuniwaza. Sasa nikwambie kwa nini. Mimi siasa zenu za Ulaya na Urusi sizijui. Hao wapinzani simpendi hata mmoja, mkubwa wao ana uso wa mtu aliyemuuzia jirani ng'ombe mgonjwa. Nilijiuliza swali moja tu nikiwa na ile kalamu mkononi. Mwanamke akishikwa na uchungu hapa Kruševik, aende wapi? Nijibu, unakula samaki wangu. Aende akazalie kwenye chemchemi?"

Dragomir alijifuta suruali.

"Radojka," Milutin alisema kwa sauti ya chini, "Nenad anaendesha lori la taka la wilaya. Ana watoto wawili. Waliniambia mkataba wake unaisha mwezi wa kwanza. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia! Tungegombana, ungelala jikoni wiki nzima, yangekwisha. Kura ni yako, mpe hata shetani. Lakini ulinishika mkono, Milutin. Ulinishika mkono ukanidanganya njia nzima."

Akamgeukia mwanawe. Huyu angalau, aliyelichonga jeneza dogo kwa mikono yake, asingehitaji kuelezwa.

"Nenad, mwambie baba yako."

Nenad alikuwa akichambua miiba ya samaki, akiipanga ukingoni mwa sahani. "Mama, nyamaza tu," alisema. "Hata mimi niliwapa, kule mjini. Na mke wangu pia."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mtu hafikirii kwamba nguo yenyewe ndiyo aliyoifuma kwa mikono yake.

"Basi, yamekwisha," Dragomir alisema, akiisogeza glasi yake ijazwe. "Nenad hataguswa na mtu. Kura moja haimtoi mtu madarakani."

Radojka alichukua chupa. Alimmiminia Dragomir hadi ukingoni. Akammiminia Nenad. Kisha akajaza glasi ya tatu, akaiweka mezani, akavuta kiti na kumtazama mumewe, ambaye tangu alfajiri hakuwa amekaa.

"Kaa."

"Sikai mimi, ni mwenye nyumba."

"Kaa, Milutin. Mgeni hafukuzwi siku ya leo." Akafunga chupa. "Kunyweni, wageni wangu, nyote watatu. Sikukuu ni ya leo tu."