Binti Yangu Alipolirudisha Faili

Kaka yangu, fundi vigae, aliteleza kwenye ngazi na boksi la vigae begani, akasikia kitu kikilia "tap!" juu ya goti. Nikampeleka hospitali. Picha ilionyesha mifupa mizima. Daktari wa zamu akaandika "goti limeteguka", akampa bandeji na dawa za maumivu, akaturuhusu.

"Umesikia?" nikamwambia kaka. "Mfupa mzima. Acha kudeka, twende."

Hatukufika getini. Binti yangu anafanya kazi chumba cha kumbukumbu, ambako kila faili huandikiwa namba ya ugonjwa. Alitukuta kwenye benchi, faili kifuani.

"Mama, kaeni. Namba ya kuteguka siiandiki."

"Siku hizi umekuwa daktari?"

"Najua kusoma tu. Nesi ameandika mjomba hawezi kunyoosha mguu, na juu ya pia ya goti kuna shimo. Chini yake daktari anasema kuteguka. Hayo hayakai nyumba moja."

Sheria yao ni kwamba mwandika namba habadilishi neno la daktari. Anaruhusiwa kulirudisha faili na swali. Wengi hawarudishi, nani anataka kugombana na daktari mwenye foleni mpaka nje? Binti yangu akagonga mlango wa daktari, nasi nyuma yake.

"Unauliza kwa sababu ni mjomba wako," daktari alisema.

"Hata angekuwa mtu baki, daktari. Maandishi yanapingana. Niandike lipi?"

Daktari akalisoma faili upya. Kisha, na hapa namsifu, akainuka. Alimlaza kaka kitandani. "Nyoosha mguu, uinue kisigino."

Kaka aliuma meno mpaka jasho likamtoka. Kisigino hakikubanduka. Daktari akapapasa juu ya goti, kidole kikazama.

"Kano ya paja, ile kamba inayoushika msuli kwenye goti, imekatika," alisema. "Nimetazama mfupa nikaisahau kano. Ikikaa wiki kadhaa bila kushonwa inajivuta juu, na kuirudisha ni shughuli."

Nikajiona mjinga. Mimi ndiye niliyemtembeza mtu huyu mpaka kwenye benchi nikimwita mdekaji.

"Nitapiga magoti tena?" kaka aliuliza, kwa sauti ndogo. Fundi vigae asiyepiga magoti atakula wapi?

"Tukiwahi, nina matumaini."

Kesho yake wakatoboa pia ya goti, wakaifunga kano kwa nyuzi ngumu. Binti yangu aliandika namba ya kano iliyokatika, mguu wa kushoto, na nyingine ya upasuaji. Nilitaka kuitangazia wodi nzima kwamba huyu nimemzaa mimi.

"Mama, shusha sauti," akasema. "Nina mafaili arobaini mezani."

Sasa ni mwezi wa sita tangu upasuaji. Kaka anafanya kazi nusu siku, magoti juu ya mto wa sponji. Jana alinipigia simu kulalamika kwa dakika ishirini: ukuta wa bafu la mteja umepinda, mwashi aliyeujenga ni kipofu. Goti hata hakulitaja.