Ya Bluu Inafuata Mwenye Duka

Clovis alipitisha waya wa jenereta dirishani, akaufunga kwenye mguu wa meza ili watu wasiukanyage, kisha akaweka visanduku viwili vya diski za kompyuta mbele ya Patron Paluku, mwenye ofisi: kimoja cha bluu, kimoja cha kijivu. Paluku alikuwa anakunywa chai, viatu amevivua. Alikuwa mtu wa Butembo, kule Kivu, muuzaji wa jumla wa saruji, sabuni na unga pale Lubumbashi mjini, na malori yake yalikuwa yanachoma mafuta bure. Mwaka ule wa 1993 kila kitu kilikuwa kimeharibika Katanga: barabara, simu, hata pesa zenyewe. Dereva anatumwa kwa mteja Kambove, anakuta duka limepigiliwa mbao, anarudi na mzigo wake. Paluku alitaka programu ya ramani, kompyuta imwambie kila asubuhi lori liende wapi. Clovis, aliyekuwa akiuza mashine hizo mtaa wa nyuma ya mabenki, alimwachia zote mbili azijaribu.

Kazi ya kujaribu ilimwangukia Perpétue, karani wa ofisi. Perpétue alikuwa Mkasai wa jina tu. Yeye na baba yake walizaliwa Kambove, na Kasai waliisikia kwenye hadithi za babu. Baba yake, Papa Adrien, alikuwa na duka hukohuko Kambove, na tangu vijana waanze kupita nyumba kwa nyumba wakiwafukuza Wakasai na kuwaita wadudu, Perpétue hakuwa amepata habari yake hata moja. Usingizi ulimkimbia, na kazini hakumwambia mtu.

Basi, akaingiza wateja wote katika programu zote mbili, kila mteja nukta yake. Kwenye ile ya kijivu nukta zilikaa palepale alipoziweka. Kwenye ile ya bluu, chai haijapoa, nukta za Kambove ziliinuka, zikashika barabara ya Likasi na kwenda kukaa kwenye stesheni ya treni ya mji ule, walikokimbilia waliofukuzwa. Ya Papa Adrien ilikuwa nyuma kidogo, maana mzee yule anaumwa goti.

Perpétue akashusha pumzi. Kumbe yu hai! Alipojikusanya akamwita Clovis.

"Zote ziko muzuri," Clovis alisema, akiangalia kama waya umeshika sawasawa. "Ya kijivu inafwata duka. Ya bluu inafwata mwenye duka. Munachagula tu ile munataka."

Mvua iliponyesha Likasi, kioo cha kompyuta kililowa penye stesheni peke yake, na Perpétue alikipangusa kwa kitambaa. Mchana nukta ya baba yake ilipanga foleni ya maji. Jioni ilijisogeza chini ya ukuta. Watu wa ofisi walipita na karatasi zao, wakatazama kidogo, wakaendelea na yao.

Siku ya kuamua, Clovis alieleza kwamba ya kijivu ni nyepesi, haijazi mashine, inachapisha upesi. Paluku alikuna kidevu.

"Mama Perpétue, weye ndiye umezitumia. Kliya, ni kusema mteja, ni mutu ao ni duka?"

"Ni muntu, Patron."

"Juu ya nini?"

Alitaka kusema: kwa sababu yule pale ni baba yangu. Akajizuia. Siku zile Mkasai hakujitaja ovyo, hata mbele ya mtu mwema. Akatafuta maneno ya biashara.

"Bale bantu bote beko fasi moja, ku gare ya treni. Kamyo moja inatosha. Na kila siku banakula, Patron."

Neno lilipomtoka tu, aliona haya hadi masikio yakamwaka. Paluku akaitazama stesheni ile kwenye kioo kwa muda.

"Siku moja watatufikia na siye batu ya Kivu," alisema taratibu, akanunua ya bluu.

Ramani za majimbo ziliuzwa mbalimbali, kila jimbo diski zake. Clovis aliuliza kama anataka na ya Kasai.

"Tunaenda kufanya nini Kasai?" alisema Paluku. "Katanga tu."

Perpétue naye hakuiomba. Hakuwaza kabisa. Mtu aliyezaliwa Kambove atakwenda wapi, kama si kurudi Kambove fujo zikipoa?

Lori la unga likaanza kwenda stesheni, na bei ikapanda, kwa kuwa wale watu hawakuwa na pengine pa kununua. Perpétue alimpa dereva Godefroid blanketi na dawa ya goti, kwa siri. Godefroid akarudi na jibu.

"Baba yako anasema aksanti. Anauliza pia juu ya nini bunga ya kwenu iko bei nguvu vile."

Kisha treni ikapatikana. Nukta zikapanda mabehewa ya mizigo, zikaenda kaskazini polepole. Njiani treni ilikwama porini siku kadhaa, na ilipoondoka nukta nyingine zilibaki kando ya reli, mahali pasipo na kijiji, zisisogee tena. Perpétue aliogopa kuangalia na hakuweza kuacha kuangalia. Ya baba yake iliendelea. Ikapita Kamina, ikafika Kaniama, na mbele kidogo ya Kaniama ramani ikaisha. Zote zikasongamana pale ukingoni.

Asubuhi yake kioo kilikuwa kinagongwa kwa ndani. Si kwa fujo. Kiligongwa kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowazoea. Mashine ikawa nzito, na orodha za malori zikachelewa.

"Karatasi inaishia pale," Clovis alieleza. "Kama hamununue Kasai, batabakia kugonga tu."

Perpétue alisimama mbele ya meza ya Paluku. Safari hii alisema.

"Patron, nunua ya Kasai. Mule ndani eko baba yangu."

"Najua, mama. Godefroid aliniambia. Pole sana." Na alikuwa amesikitika kweli, macho yalionyesha. "Beko na maduka kule?"

"Apana."

"Ile duka ya baba yako Kambove, nani yuko ndani sasa?"

"Laurent. Jirani yetu."

"Ananunua?"

"Anaomba saruji."

Paluku akavaa viatu, akamwambia Clovis aiondoe ya bluu na kuweka ya kijivu. Mashine haikuwa na nafasi ya zote mbili.

Clovis alipokuwa anazitafuta diski, Perpétue aliinama kwenye kioo. Kiligongwa tena. Ni aibu kumwacha mtu mzima akipiga hodi bila kujibiwa.

"Karibu, baba," alisema.

Kugonga kukakoma, kama kwa mtu aliyesikia na sasa anangoja mlango. Clovis akaingiza diski ya kwanza. Kufika adhuhuri Perpétue alikuwa ameliandika jina la Laurent kwenye duka la Kambove, bila kukosea herufi, na lori la saruji likatoka.