Ijumaa ya Toleo la Pili

Tangu asubuhi Milembe alikuwa hakai, hasimami. Anainuka kitini, anakwenda dirishani kuitazama Bariadi kana kwamba mji ule ndio uliomchelewesha, anarudi kwenye kompyuta. Ratiba ilisema toleo la pili la Zizi litoke Ijumaa, na leo ilikuwa Alhamisi.

Zizi ni programu ya bure ya kuandikisha mifugo. Msimbo wake uko wazi, anayetaka auchukue, auchokonoe. Milembe na Sylvester wa Mwanza ndio waliopanga nini kitoke lini, na tarehe hii walikwisha kuisogeza mara mbili. Jumatatu chanjo ingeanza, maofisa mifugo walikuwa wanasubiri. Safari hii Milembe aliapa haisogei.

Mama yake, Ng'washi, akaingia kutoka sokoni, akatua kapu.

"Mayu, njoo uone ng'ombe wako," Milembe akasema, maana mwenye wasiwasi hutafuta wa kumsifu. Akafungua toleo la majaribio, akachagua kijiji cha Mwamapalala, akaandika jina la mama. Hakuna kitu. Akaandika tena.

"Wako kwa Maganga," mama akasema. "Niliwawekesha kwake mwaka aliofariki baba yako. Watatu. Maziwa anakamua yeye, ng'ombe ni wangu."

Milembe akafungua zizi la Maganga. Ng'ombe ishirini na wanane, wote mali ya Maganga. Toleo la kwanza lilikuwa na nafasi ya maelezo, na maofisa waliandika humo: hawa wa Ng'washi, yule wa fulani. Aliifuta mwenyewe mwezi wa sita, eti inachafua ukurasa. Msukuma mzima, na alisahau kwamba mwenye zizi si lazima awe mwenye ng'ombe.

"Maganga anajua," mama akasema taratibu. "Lakini ng'wanone, Maganga hatoki kitandani siku hizi. Karatasi wanashika wanawe."

Milembe akampigia Sylvester, huku akizunguka meza.

"Tusogeze," akamwambia, akamweleza sababu.

"Ahadi ni deni, Milembe. Mara ya tatu hii, watu watatucheka. Hilo liweke toleo la tatu."

"La tatu ni Januari. Jumatatu, kwenye chanjo, kila mwenye zizi anapewa cheti cha umiliki wa ng'ombe wote waliomo."



"Hebu niangalizie Nkololo," Sylvester akasema, sauti imepungua. "Zizi la Mwandu. Marehemu baba aliwekesha watano pale. Sijawahi kwenda kuwaona."

Milembe akaangalia. Kumi na saba, wote mali ya Mwandu. Akamwambia.

Ratiba waliyokuwa wakiiandika pamoja mtandaoni ilikuwa bado wazi kwenye kompyuta, na Milembe akaliona neno Ijumaa likifutika, herufi moja moja, kabla yeye hajaligusa.